Pete ya Pilipili Ukweni

Acheni nijicheke mwenyewe kwanza, maana aibu niliyoipata siku ya kwenda kumposa Eliza bado inanichoma masikio. Mimi ni mtu wa Maguu, wa kahawa na maharage, na chakula kisicho na pilipili hakinishuki (ni ugonjwa wangu, najua). Sasa mjomba Otmari, aliyekuwa mshenga wangu, akanionya njiani tukiteremka kwenda ziwani kwa kina Eliza: "Ukweni huombi kitu, hata chumvi. Unakula ulichopewa, unashukuru." Nikaitikia, ndiyo mjomba, kumbe kidoleni nimeshavaa dawa ya tatizo hilo, pete ya fedha ya mtindo wa kizamani niliyoinunua mnadani Mbinga, ambayo kito chake kinafunguka kama kifuniko na chini yake kuna kijitundu, nami nilikuwa nimekijaza pilipili kichaa ya kusaga. Nilijiona mjanja kweli!

Baada ya shikamoo zote tukanawishwa mikono, ukaja ugali wa muhogo na samaki mbasa mzima kwenye sinia moja la wanaume, baba yake Eliza kanielekea. Nikasogeza mkono kama nachagua mnofu, nikasukuma kifuniko kwa dole gumba, kikafunguka chote, na unga wote ukamwagikia upande wa mzee.

Mzee akarudisha tonge.

"Kijana, umetutilia nini kwenye chakula?"

Fikirieni wenyewe: mgeni, pete yenye tundu la siri, unga mwekundu! Shangazi yake Eliza alishaanza kunong'ona habari za uchawi, mjomba Otmari anatazama mlango, Eliza anachungulia kutoka jikoni macho yamemtoka, nikajua mke ndiye huyo anakwenda. Nikasema, "Baba, ni pilipili, niliona aibu kuomba," na kwa kuwa hakuna aliyeniamini nikavuta ule upande wote nikaula mimi, kipande baada ya kipande, machozi na makamasi yanashindana, kwikwi juu yake.

Mzee akachovya kidole kwenye unga uliobaki siniani, akalamba, akapiga chafya tatu mfululizo. Halafu akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Otmari," akasema, "huyu anayeogopa kuniomba pilipili, amepata wapi ujasiri wa kuniomba binti?"

"Ndiyo maana nimekuja mimi, mzee," mjomba akajibu.

Posa ikapokelewa palepale. Tunasubiri kahawa iuzwe tufunge ndoa, na nimeapa, ukweni nikitaka kitu nitafungua mdomo.