Nyumba ya Kujipikia Lushoto

Mke wangu alikubali twende mapumziko Lushoto kwa sharti moja: asishike mwiko. Niliahidi kupika mwenyewe, kisha nikatafuta nyumba kwa utaratibu. Ilipaswa kuwa na jiko la gesi, na iwe karibu na soko na majengo ya zamani ya Wajerumani, ili tukayatazame huku maharage yakichemka. Nikaipata.

Asubuhi ya kwanza nilirudi kutoka sokoni na karoti, viazi na hoho. Mwenye nyumba, mama mtu mzima wa Kisambaa anayeishi upande wa pili wa ua, alikuwa ameshaweka sufuria ya makande mezani.

"Shikamoo, mama. Sisi tumekodi ili tujipikie."

"Marahaba. Mgeni awashe jiko na mimi nipo? Majirani watanionaje?"

Jioni akaleta ugali wa muhogo na mboga. Kesho yake vilevile. Karoti zangu zikaanza kusinyaa.

"Mpishi wangu," mke wangu akaniuliza huku akijilamba vidole, "chakula chako nitakionja lini?"

Hatimaye nikavuka ua. "Mama, nikiondoka hapa bila kupika, mke wangu atanisema mpaka uzeeni. Leo njoo ule kwetu."

Alisita, kisha akaja amevaa kitenge kipya. Alikula wali wangu wa karoti polepole.

"Umejitahidi, baba," akasema mwishowe. Halafu akamgeukia mke wangu. "Pole, mwanangu. Kesho nitawahi."