Mbwa Aliyekojoa kwa Mstari

Levi Khisa alikuwa na nyasi ambazo hakuna ng'ombe aliyeruhusiwa kuzila, na mjini Kitale hilo peke yake linatosha mtu kuonwa ama tajiri ama mgonjwa. Majirani zake wote walipanda mahindi mpaka mlangoni. Kuna nyumba moja mtaani pale ambayo mwezi wa Julai, ukitaka kufungua dirisha la choo, unayaomba mahindi ruhusa. Lakini Levi alikuwa karani wa mahakama Bungoma mpaka akastaafu, na maisha yake yote ya kazi alipita kando ya bustani ya hakimu akiimezea mate. Alipojenga, alipanda nyasi za pasipalamu mbele ya nyumba kabla hata ya kupiga rangi, akasimamisha kibao: USIKANYAGE NYASI.

Mkewe Fridah, aliyetaka sukuma wiki mahali pale, alizikanyaga kila asubuhi akienda kuanika nguo. Alikanyaga kwa kisigino.

Sasa, Januari hii, nyasi zikaugua. Kwanza zilififia kwa jua, hilo la kawaida. Halafu yakatokea madoa: ya kahawia, ya mviringo, kila moja kama sahani, kana kwamba mtu alipita akipumzisha pasi ya makaa. Na Levi alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba maombi ya shukrani ya kustaafu kwake yatafanyika Jumamosi, nyumbani kwake, nje, "kwa gadeni". Neno hilo gadeni alilitamka akiwa amefunga macho.

"Si umwagie maji tu," Fridah akasema.

"Hii si kiu, Mama Nekesa. Hii ni hujuma."

Hujuma yenyewe ilikuwa na miguu minne. Jirani wa ng'ambo ya ua, Chepkosgei, mjane anayeuza maziwa, alikuwa na mbwa aitwaye Sajini, mzee wa sikio moja, mwenye adabu kuliko nusu ya kamati ya kanisa. Levi alimwona siku moja akiinua mguu kando ya kibao. Siku moja tu. Lakini Levi alikuwa amesikiliza kesi nyingi, na alijua watu waliofungwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Isitoshe, yeye ndiye mwenyekiti wa mtaa. Akaitisha mkutano, akasimama mbele ya majirani, akasoma mashtaka kwa Kiswahili cha kortini: "mshukiwa", "mlalamishi, ambaye ni mimi", "mkojo uliotajwa hapo juu". Chepkosgei alikaa na mikono mapajani.

"Mwenyekiti, Sajini amekuwa hapa kabla hata ya hiyo nyasi," alisema. "Na si ni yeye alipiga kelele ile siku wezi waliruka kwako? Ama umesahau?"

"Mama Viola, hatuongei mambo ya wezi. Tunaongea mambo ya mkojo."

Watu wakacheka, na mtu akishacheka ni vigumu asiinue mkono. Mikono ikainuka: mbwa aondoke. Chepkosgei akasema ndugu yake ana boma huko Suam, atampeleka. Hakulia. Levi angependa alie, maana mtu akilia mkutanoni unaweza kumwambia pole, ukaonekana una huruma.

Asubuhi ya mbwa kuondoka, Levi alipanda ngazi kwenda kwenye tangi la maji, lile lililoinuliwa juu ya nguzo nyuma ya nyumba, aone kama maji yameingia. Huko juu akageuka, akazitazama nyasi zake kupitia pembeni mwa paa.

Madoa yalikuwa kwenye mistari.

Mistari iliyonyooka, kutoka ukutani hadi langoni, nafasi sawa doa hadi doa. Ukiwa chini unaona vurugu tu. Ukiwa juu unaona shamba la mahindi.

Mikono yake ilikumbuka kabla ya kichwa. Baada ya Krismasi, Fridah akiwa kanisani, alikuta stoo mbolea ya kukuzia iliyobaki msimu uliopita. Akafanya lile ambalo kila mtu aliyekulia kwenye mahindi ya Naitiri, kama yeye, hufanya akishika mbolea hiyo: akavuta kamba, akachukua kifuniko cha soda, akaenda ameinama, hatua kwa hatua, kifuniko kimoja kila shina. Kwamba hapakuwa na shina, hilo halikumsumbua. Akamaliza, akangoja mvua. Januari! Mbolea ikakaa pale kavu, ikachoma kila ilipolala, na yeye akaisahau, kwa sababu nani amewahi kushuku mbolea?

Ng'ambo ya ua injini ya pikapu ikanguruma. Chepkosgei alikuwa akimfunga Sajini nyuma, akimwongelesha kwa Kisabaot, sauti ya chini, kama anayemwelezea mtoto safari ya bweni. Levi alikuwa juu yao kabisa. Ilitosha aseme, "Mama Viola, ngoja." Basi. Badala yake mwenyekiti wa mtaa, mzee wa kanisa, alichuchumaa akakumbatia tangi la plastiki.

Mbwa alimwona. Akamtikisia mkia. Pikapu ikaondoka.

"Mbona umekaa huko juu?" Fridah akauliza kutoka chini.

"Naangalia maji."

"Yamejaa?"

"Yamejaa."

Tangi lilikuwa tupu.

Jumamosi akaamka mapema, akaweka viti vya plastiki juu ya madoa, kila kiti na doa lake. Pasta akasifu jinsi viti vilivyopangika. Chepkosgei naye alikuja, na chai ya maziwa kwenye thamosi, kwa sababu jirani ni jirani. Akamsalimu Levi kwa mikono miwili, na Levi akajikuta anatazama viatu vyake. Maombi yakapita salama. Lakini chakula kilipoiva watu waliburuta viti kivulini, madoa yakabaki wazi, na hapo ndipo alipowasili Mukhisa.

Mukhisa alitoka Naitiri, na kinywani mwake kila l hugeuka r. Yeye na Levi ni bakoki, walitahiriwa msimu mmoja, na bakoki wako anaweza kukutukana mbele ya mama mkwe wako nawe huna budi kucheka. Ndiyo desturi.

"Revi! Bakoki! Hii mahindi yako imekataa kuota ama?"

"Ni nyasi, Mukhisa. Kaa ukule."

"Nyasi na umewekea mborea kwa raini?" Mukhisa akaingia kwenye mstari, akainama, akatembea akidondosha mbolea ya hewa kwenye kila doa bila kukosa hata moja. "Kifuniko cha soda... kifuniko cha soda... Nani arikuroga, bana?"

"Hapana, hiyo ni mbwa wa jirani," pasta akasaidia. "Alikuwa anakojoa."

Mukhisa akanyooka. "Mbwa gani anakojoa kwa raini? Arikuwa amevuta kamba?"

Kicheko kilichopasuka pale kiliwaondoa kuku uani. Levi akacheka pia, kama desturi inavyotaka, kwa meno tu. Chepkosgei hakucheka. Alitazama madoa. Akatazama tangi. Akamtazama yeye.

"Kumbe," alisema. "Ile asubuhi Sajini alitikisa mkia akiangalia juu. Nikajiuliza, anasalimia nani?"

Fridah akaweka mwiko chini.

"Mimi," Levi akasema. Sauti ilimtoka ndogo, kama ya washtakiwa aliozoea kuwaambia waongeze sauti. "Nilikuwa nimeiona hiyo mistari. Gari haikuwa imeondoka. Nikajificha."

Alingoja atukanwe. Chepkosgei akammiminia kikombe, akampa.

"Kunywa, Mwenyekiti. Itapoa."

Afadhali matusi. Aliinywa ile chai yote amesimama, watu wote wakimtazama koo.

Jumatatu akaenda Suam mwenyewe kumchukua mbwa. Sajini alimrukia, akamlamba masikio, na njia nzima ya kurudi alilaza kichwa kwenye paja lake. Levi hakuthubutu kusogea, mguu ukafa ganzi mpaka Kitale. Kisha akaitisha mkutano wa pili, akasimama palepale, akasoma mashtaka upya akiwa mshtakiwa. Safari hii walicheka zaidi.

Angalau, alijiambia, nyasi zitaota, madoa yatafunikwa, watu watasahau. Mvua ya Machi ikanyesha. Mbolea iliyobaki ikayeyuka, ikashuka kwenye mizizi, na kila palipokuwa na doa pakachipuka nyasi za kijani kibichi kabisa, ndefu, zenye afya ya kutisha. Kwa mistari. Kutoka ukutani hadi langoni. Mpaka wapita njia wanasimama kuuliza ni mbegu gani.

Levi akatafuta panga. Fridah akamnyang'anya.

"Wacha zikae," akasema.

Zimekaa. Kibao amekiondoa mwenyewe. Jioni Sajini huvuka ua, hutembea katikati ya mistari miwili kama mkulima anayekagua mazao, kisha huenda kukojoa barabarani.