Vijiwe vya Mbuta

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikaa mtaa wa Buruburu na mama yangu, aliyetoka ziwani kuja kunilelea mtoto. Nilikuwa mtafiti wa samaki, bado kijana, na hasira zangu zilikuwa karibu. Chama kimoja cha ng'ambo, kilichosaidia watafiti wa nchi kama yetu, kilinipa nafasi ya kwenda kujifunza kusoma umri wa samaki. Kila kichwa cha samaki kina vijiwe viwili ndani. Ukikikata kijiwe unaona miduara, unahesabu miaka. Sharti lilikuwa moja tu: kila mtu aje na vijiwe vya samaki wa kwao. Asiye navyo, nafasi yake apewe mwingine.

Nikaleta kutoka Kisumu vichwa vitatu vya mbuta, samaki wa ziwani kwetu: kikubwa, cha kati na kidogo. Nikavitia kwenye friji. Ndege ilikuwa Jumatatu. Jumamosi nikaenda mjini kuchukua pasipoti, na niliporudi, harufu ya mchuzi ikanipokea getini.

"Mama! Vile vichwa viko wapi?"

"Si nimevipika? Nilijua umeniletea mimi."

Na kweli, kwetu kichwa ni cha mkubwa wa nyumba. Nani mwingine angeletewa?

"Na mifupa?"

"Nimetupa. Paka wamekwisha kubeba."

"Mama, umekula safari yangu!" Nilipiga kelele hadi jirani akachungulia dirishani. Nikasema na mengine, ambayo mpaka leo yananiaibisha.

Mama akaniacha nimalize. Kisha akafungua fundo la leso yake. Vijiwe sita, vyeupe pe pe pe, bila hata uzi wa nyama: vikubwa viwili, vya kati viwili, vidogo viwili.

"Ulipokuwa mdogo ulikuwa unalia nikivitupa," akasema. "Mkono umezoea. Nilimwekea mtoto wako, akikua avichezee."

Jamani! Nilikaa chini sakafuni, nikacheka huku machozi yananitoka.

"Nisamehe, Mama."

"Kula kwanza. Nimekubakishia shavu."

Huko ng'ambo, siku ya kwanza, mwalimu alitufundisha kuchemsha kichwa ili vijiwe vitoke safi. Nilicheka peke yangu. Kisha tukagawiwa bahasha, kila moja ikiwa na nafasi ya jina la aliyevitoa vijiwe. Wenzangu wakaandika majina yao. Mimi nikaandika la Mama.