Sahani ya Pili

Mama niliyekuwa nikimhudumia kule Stechford, mtaa mmoja wa Birmingham, alikuwa na miaka themanini na mbili, na kwa miezi mitatu ya kwanza sikujua kwamba alikuwa mwigizaji. Nilifika asubuhi, nikamwogesha, nikamvalisha, nikampikia uji, kisha nikakimbilia kwa mgonjwa mwingine. Nilimwita Mama, kama tunavyowaita watu wa umri wake kwetu Nakuru, naye akalipenda jina hilo.

Siku moja nikipanguza kabati nilikuta picha ya msichana mwenye shingo ndefu, amevaa gauni la kifalme.

"Huyu ni nani, Mama?"

"Ni mimi. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Ndipo akaanza kunisimulia, kidogo kidogo kila asubuhi. Alizaliwa Buenos Aires, akapanda jukwaani akiwa na miaka kumi na sita, baadaye akaingia kwenye filamu. Watu walikuwa wakimsimamisha barabarani. Halafu wanajeshi wakatwaa serikali. Wenzake wawili wa kikundi cha maigizo walichukuliwa, hawakurudi, naye akatoroka na sanduku moja. Hapa Birmingham hakuna aliyemjua. Kila alipoomba nafasi ya kuigiza, lafudhi yake ilimponza. Akang'arisha pete katika karakana moja ya masonara mtaani Hockley mpaka akastaafu.

"Hukuona uchungu?"

"Niliona. Lakini kodi ya nyumba haikujua kama nina uchungu."

Mwaka jana mwongozaji mmoja wa filamu, mwanamke aliyekuwa ameona kazi zake za zamani, alimtafuta. Alitaka mwanamke mzee kwa onyesho moja tu, lisilo na maneno. Mama akaniomba nimsindikize.

Walirekodi katika nyumba moja ya Winson Green, si mbali na gereza. Katika onyesho hilo, mama mtu anamngoja mwanawe atoke kifungoni. Anaandaa sahani mbili mezani. Mwana hatokei. Anaiondoa sahani ya pili. Basi, ni hilo tu.

Nilimshika mkono mpaka kwenye kiti, maana magoti yalimsumbua. Kamera ikaanza. Alinyoosha mkono kwenye sahani, akasita, akaurekebisha uma uliokuwa kando yake, kana kwamba hatua zimesikika mlangoni. Akasikiliza. Kisha akaiondoa ile sahani taratibu, isitoe mlio. Nililia nimeziba mdomo kwa skafu. Walirudia mara tisa, na mara ya tisa nililia kama ya kwanza.

Tukiwa garini nikamuuliza, "Mama, ulikuwa ukimfikiria nani?"

"Nilikuwa nikifikiria mkono. Kila mara lazima niinue sahani kwa mkono uleule, uma uwe palepale, la sivyo vipande vya filamu havitaungana." Akanitazama. "Kulia ni kazi yenu mnaotazama."

Niliendesha gari nikimwibia macho kama mtu aliyegundua amebeba mgeni mkubwa bila kujua.

Filamu ilipoonyeshwa katika ukumbi mdogo mjini, nilikwenda na binti yangu, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza. Onyesho la Mama halikufika dakika mbili. Binti yangu akaninong'oneza, kwa Kiswahili, "Ni yeye kweli?"

Taa zilipowashwa watu walisimama wakapiga makofi. Mama, aliyeketi safu ya mbele, hakugeuka, alidhani wanaondoka. Nikamwendea.

"Mama, geuka. Wamesimama kwa ajili yako."

Akainuka bila kunishika, akawageukia, akainama kwa heshima. Niliogopa magoti yatamwangusha. Hayakumwangusha.