Belise Amechanganyika

Shule moja ya msingi nchini Kanada, katika mji ambao Xavérine hawezi kuutamka, imetamka rasmi kwamba mwanafunzi Belise, mwenye umri wa miaka saba, amechanganyika na wenzake. Si nusu, kikamilifu. Tamko hilo lilitolewa kwa Kiingereza kwenye kikao cha wazazi, na kitenzi kilichotumika kilikuwa "blend". Diane, mama wa mtoto, alilipokea kwa shukrani, akalituma kwa ujumbe wa sauti hadi Mbugangari, Gisenyi, kwa mama yake Xavérine, ambaye alilisikiliza akiwa na unga hadi viwikoni.

Xavérine anatengeneza unga wa uji: mahindi, mtama na soya, kila kimoja kimesagwa peke yake, kisha vyote vinachanganywa kwa mikono ndani ya beseni. Blenda anayo, Diane alimtumia. Iko juu ya kabati, imevalishwa kitambaa cha kufuma, na wageni huonyeshwa kama wanavyoonyeshwa picha ya harusi. Kwa hiyo aliposikia kwamba mjukuu wake ame-blend, aliitazama ile mashine, akakumbuka kwamba chini ina visu, na akakosa raha.

Alimwita jirani yake Karenzi, mwalimu aliyerudi kutoka Uganda akiwa na Kiingereza na koti moja la kuendana nacho.

"Mwalimu, 'blend' ni nini?"

"Ni kuchanganya vitu hadi usijue kipi kilikuwa kipi, mama. Majani ya chai, rangi, sauti za kwaya. Kwa watu, unaongeza 'in' nyuma yake."

"Hiyo 'in' ni nini?"

"Ndani."

"Bon. Ameingia ndani. Na ya kutoka, unaongeza nini?"

Karenzi alifikiri kwa uaminifu. "Ya kutoka hakuna."

Kisha, kwa kuwa mwalimu hawezi kuuona ukimya umekaa bure, akaeleza asili. Neno hilo, inadhaniwa, lilifika Uingereza na watu wa kaskazini waliokuja na mashua na mashoka, na kwao lilikuwa "blanda". Wenyeji nao walikuwa na lao, linalofanana nalo kama pacha, ila maana yake ilikuwa kupofusha.

"Lakini wataalamu wanasema hayo mawili hayana undugu," aliongeza haraka.

"Hao wataalamu wako na mujukuu Kanada?"

Tusiwacheke Waingereza sana. Sisi wenyewe tunatenganisha kuchanganyika na kuchanganyikiwa kwa silabi moja tu.

Hata hivyo, Xavérine hakuwa anatafuta maana. Alikuwa anatafuta sentensi moja. Kabla ya kuondoka, akiwa na miaka mitano, Belise ndiye aliyekuwa mkaguzi wa beseni. Kila asubuhi alichutama, akaukodolea unga macho, na akiona mstari wa soya alitoa hukumu, ileile kila siku, naye bibi akarudia kazi. Xavérine alikuwa akiuacha mstari huo makusudi. Alimweleza hivyo dada yake wa Goma, akajibiwa: "Donc njo maana uji yako inakuwaka na madonge!"

Sasa, kwenye simu, Belise husema "Hai", na baadaye husema "Bai". Katikati huongea Diane.

Jumamosi mchana, ambayo kule ni asubuhi, simu iliita.

"Belise, salimia koko," alisema Diane, akimsogeza mtoto amwone bibi yake.

"Hai."

"Mutoto wangu, umekula?"

Mtoto akamtazama mama yake.

"Anasikia, mama, ila hajibu. Usimulazimishe. Shule imesema ame-blend vizuri, tusimurudishe nyuma."

"Simulazimishe. Mi niko kazini."

Xavérine aliishusha blenda, akaivua kitambaa, akaegemeza simu juu yake. Ndiyo kazi ya kwanza mashine hiyo kupewa katika nyumba ile. Akaweka beseni mbele ya simu, akamimina mahindi, mtama, na mwisho soya. Akachanganya. Hakuimba, hakuuliza kitu. Alipomaliza alipangusa mikono polepole, akakaa kama mtu aliyefunga duka.

"Mama?" alisema Diane. "Rezo ya simu imekata?"

"Iko."

Uso wa Belise ulisogea hadi ukajaa kioo chote, jicho moja, kisha pengo la meno ya mbele.

"Koko."

"Karame, mutoto wangu," aliitika bibi.

"Haiyachanganyika."

Xavérine aliinama kutazama. Upande wa kushoto wa beseni kulikuwa na mstari wa soya, wa njano, mrefu kama kidole.