Mwizi Mrefu wa Stoo ya Makoti

Ukitaka kumjua Mzee Heriel, muuzie maji ya chupa. Atakagua kizibo, atageuza chupa juu chini, atainusa, kisha atakuuliza kama na wewe unakunywa hayo hayo. Hata shikamoo yako anaipima kwanza ndipo aiitikie. Alitoka Marangu, Uchagani, kijana wa miaka ishirini, ndiyo maana anaitwa Mangi kama Wachaga wengine hapa; sasa ana sitini na ushee, na kwa muda wote huo anauza makoti ya mtumba Mchikichini, meza ya pili kutoka kwangu mimi muuza viatu.

Najua unachojiuliza. Koti, Dar es Salaam, nani anavaa? Hakuna. Wateja wake wanatoka Makete, Njombe na Mbulu, na wanakuja Mei baridi inapoanza kuwauma. Mzee ananunua mabelo Desemba, anayafungua, anapakia makoti kwenye viroba na kuyalaza miezi mitano stoo, mtaa wa Gerezani, chini ya bati. Ili nondo wasiyatoboe, kila kiroba kinatiwa vidonge ishirini vya naftalini, vile vyeupe vya mviringo ambavyo mtoto akiviona anadhani ni pipi.

Mtu wa kutia vidonge alikuwa Mwinyimvua.

Huyu ni mzaliwa wa Ilala, baba yake alikuwa kuli wa reli. Ni mrefu hivi kwamba anapoingia stoo anaanza kuinama akiwa bado barabarani. Kwa miaka kumi na minne alishika ufunguo wa stoo ile, na sijawahi kusikia koti hata moja limepotea. Lakini mtaani kwake hajulikani kwa makoti. Anajulikana kwa kuosha maiti. Mwanamume akifariki Ilala, hata saa ya chakula, watu wanamfuata Mwinyimvua, naye anaacha sahani na kwenda. Halipwi. Wazee wengine walishausia kabisa: mimi nikifa, aniweke maji Mwinyimvua.

Mambo yaliharibika mwezi wa tano mwaka huu. Miaka yote alikuwa akimwachia Mwinyimvua viroba; safari hii Mzee alifungua cha kwanza mwenyewe, akahesabu vidonge. Ishirini viliingia, akakuta kumi na moja, tena vidogo kama punje za mahindi. Cha pili, vinane. Alipopanda ngazi kufungua viroba vya juu kabisa, karibu na bati, humo hakukuta kitu.

Alishuka ngazi taratibu, akakaa juu ya belo, akafanya upelelezi wake. Vya chini vimepungua. Vya juu vimekwisha. Kwa hiyo mwizi ni mtu anayefika juu bila shida. Mwizi ni mrefu.

Sasa, wiki tatu kabla ya hapo Mzee alikwenda kumzika fundi cherehani mmoja wa Ilala. Alikaa nje na wanaume wengine, jeneza likapita mbele yake, akasikia harufu. Wenzetu wa pwani maiti wao hutiwa karafuu maiti kabla ya sanda, na harufu yake na ya naftalini kwa pua ya mgeni ni ndugu wa tumbo moja. Aliyemwosha fundi ni nani? Mwinyimvua. Mzee akaunganisha.

Hakumwita pembeni. Alisimama mezani pake saa nne asubuhi, soko limejaa.

"Mwinyimvua, dawa ya makoti yangu unawapakia maiti?"

Mwinyimvua alikuwa amebeba makoti sita begani. Akayaweka chini moja moja.

"Mangi, umesema nini?"

"Umenisikia. Miaka kumi na minne mnazikana kwa dawa yangu."

"Karafuu maiti inanunuliwa na wafiwa wenyewe. Inakuja na sanda, imefungwa. Sijawahi kwenda kwa maiti na kitu mfukoni."

"Basi vimekwenda wapi? Barafu ikiyeyuka inaacha maji. Mshumaa unaacha nta. Hivi vimeacha nini? Koti kavu, kiroba kikavu, chini pakavu. Kitu kigumu hakitembei, Mwinyi. Kinabebwa."

Lazima niseme ukweli, hoja ilikuwa nzuri. Meza nzima ya mashuka iliitikia kwa vichwa. Mwinyimvua akatoa ufunguo, akauweka juu ya makoti.

"Kazi nitapata nyingine," akasema. "Ila umenichafulia jina kwenye maiti za watu. Kesho nani ataniita nimwoshe baba yake?"

Hakuitwa. Ijumaa ya wiki ile alifariki mzee mmoja nyumba ya nne kutoka kwake, na binti wa marehemu, Badria, akatuma watu Buguruni kutafuta mwoshaji mwingine. Mwinyimvua alikaa barazani kwake amevaa kanzu safi, akatazama watu wakipita.

Mke wa Mzee Heriel, Mama Clotilda, ndiye peke yake anayeweza kubishana naye na akabaki ndani ya nyumba.

"Baba Aaron, labda vinaisha vyenyewe."

"Vyenyewe vipi? Vina miguu?"

"Mimi nakuuliza wewe."

Basi Mzee akaamua kumnyamazisha mkewe kwa ushahidi. Akanunua vidonge vipya, akachukua vitano, akavitia kwenye chupa ya jemu yenye mfuniko wa bati, akaukaza kwa kitambaa. Chupa akaifungia kwenye kidroo cha mbele cha gari lake, Noah, kile chenye kufuli. Ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. Siku tisa gari lilikuwa likishinda juani Gerezani, na siku tisa hakumruhusu hata fundi wa breki aingie.

Siku ya kumi akaileta chupa sokoni, imefunikwa gazeti, amejaa ushindi. Akalivuta gazeti.

Vidonge vilikuwa vitano, lakini vimekonda. Na chini ya mfuniko, na shingoni mwa chupa, kumeota vipande vyembamba vinavyometameta, kama magamba ya dagaa.

Mama Clotilda aliinama, akatazama, akanyooka. "Ufunguo ulikuwa na nani, Baba Aaron?"

Mzee akapapasa ufunguo shingoni.

"Nauliza tu. Kwa sababu na wewe si mfupi."

Hapo nikajitosa. Mimi nilisomea maabara mwaka mmoja na nusu kabla chuo na mimi hatujaachana kwa amani.

"Mzee, havijaibwa. Vimeruka."

"Wewe chuo hukumaliza."

"Nusu niliyosoma ndiyo yenye hili. Nenda nami hapo Mtaa wa Kongo. Machinga wamepanga bidhaa, kila mtu na nafasi yake, wamebanana, wanatikisika tu palepale walipo. Hicho ndicho kitu kigumu. Chembe zake zimeshikana, hazina nafasi ya kwenda popote, ila hazitulii, zinatetemeka. Ukizipa joto unazipa nguvu, zinatetemeka zaidi. Barafu ikipata nguvu ya kutosha, chembe zinaachiana kidogo, zinaanza kupishana kama watu wa sikukuu pale Kongo, wanasukumana lakini hawajatawanyika. Hayo ni maji. Zikiongezewa nguvu zinaachiana kabisa, zinakimbia kila upande. Huo ni mvuke."

"Hivi havikuwa maji."

"Ndiyo nataka kufika. Chembe za naftalini zimeshikana kilegevu. Mgambo wa jiji wakitokea kuwafukuza, nani anaruka wa kwanza? Machinga wa pembeni. Hasubiri katikati palegee. Chembe za juu ya kidonge ni hivyo hivyo, joto la kawaida tu linatosha, zinaruka moja kwa moja hewani bila kupitia maji. Hazikuacha alama chini kwa sababu zilikwenda puani kwako. Ile harufu, Mzee, ndiyo vidonge vyenyewe."

"Na hivi vya kwenye mfuniko?"

"Machinga akifukuzwa Kongo anafanya nini? Anakimbia, anachoka, anapanga tena mtaa wa pili. Usiku mfuniko wa bati unapoa kabla ya vingine. Chembe ikiugusa inanyang'anywa nguvu, inasimama, inashikana na zilizotangulia."

Alinitazama kama mtu anayetaka kumuuzia kiwanja. Akachukua kitambaa, akaupangusa mfuniko mwenyewe mpaka ukawa mweupe, akaufunga. "Umetia chumvi. Fanya nione."

Tukaomba maji ya moto kwa muuza chai, tukayamimina kwenye beseni, chupa tukaisimamisha humo. Juu ya mfuniko tukaweka kifuko cha barafu. Mzee akakishikilia kwa mkono wake, nusu saa nzima, maji yanamchuruzika kwenye kiwiko, hataki mtu amkaribie. Nikamwambia maji yanavipa vidonge nguvu ya kuruka, na barafu inaupokonya mvuke nguvu hiyo huko juu. Alipofungua, magamba yalikuwa yamerudi.

Akayakwangua kwa ukucha. Akanusa.

"Na viroba vya juu?" akauliza, sauti imeshuka.

"Mkono wako umewahi kugusa bati la stoo saa nane mchana?"

Mzee akavaa kofia, akawasha gari, mimi na Mama Clotilda tukajipakia bila kualikwa.

Mwinyimvua alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni kwake. Mzee akasema alikosea, akasema pole, akasema arudi kazini.

"Siku ile sauti yako ilifika mpaka uwanja wa Karume," Mwinyimvua akamwambia. "Leo unaninong'oneza."

"Nitasema sokoni kesho. Mbele ya wote."

"Sokoni sawa. Na hapo nyumba ya nne?"

Tukaenda kwa miguu, Mzee mbele, Mwinyimvua nyuma yake hatua kumi. Badria alikuwa anaanua nguo. Mzee Heriel akavua kofia, akaeleza yote, mpaka ya chupa na beseni. Alieleza vibaya, chembe akaziita vumbi, lakini alieleza.

Badria akamaliza kukunja shuka.

"Baba alisema mwenyewe akiwa hai," akasema. "Nikifa aniweke maji Mwinyimvua. Nikamnyima, kwa neno lako, Mzee. Sasa umeniletea neno jingine, na baba ameshalala."

Badria akampita Mzee, akaenda mpaka getini alipokuwa Mwinyimvua.

"Nisamehe, kaka."

"Hukuwa na kosa," Mwinyimvua akasema. "Nipeleke kaburini nikamwombee."

Kisha akamgeukia Mzee. "Jumatatu nitakuja, Mangi. Makoti nitabeba, viroba nitapanga. Vidonge utatia kwa mkono wako."

"Mwinyi, mimi ngazi inanishinda magoti."

"Utapanda polepole."