Mzee Aliyeona Kinyoya Kabla Hakijapigwa

Jumapili, saa tisa na dakika saba alasiri, Pak Darmo alisema, "Nje," na kinyoya kilikuwa bado mkononi mwa mchezaji anayeanzisha.

Baada ya muda mfupi kinyoya kilipigwa, kikapaa, kikaanguka nje.

Watu hamsini na wawili waligeuka kumtazama. Niliwahesabu.

Mimi naitwa Wibowo, mwalimu wa fizikia, mkazi wa Kudus, Indonesia, ambako bwana huitwa Pak na bibi huitwa Bu. Siamini ndoto wala kiganja kinachowasha. Naamini daftari. Kwa hiyo haya nayaandika kama yalivyotokea, pamoja na yale yanayonivua nguo.

Kwa miaka sita mimi ndiye niliyekuwa nachagua timu ya mpira wa vinyoya, yaani badminton, ya Mtaa wa Tano kwa mashindano ya Agosti, sikukuu ya uhuru. Mara sita tulifika fainali. Mara sita tulifungwa na Mtaa wa Nne, majirani zetu wa ng'ambo ya mtaro.

"Pak Wibowo," Bu Endang, mwenyekiti wetu wa mtaa, aliniambia mwaka huu, "daftari lako limejaa. Kabati letu la vikombe ni tupu."

Pak Darmo, mfuga kambare, akadaka hapohapo. "Nipeni mimi orodha. Mimi nachagua kwa macho."

"Macho gani, Pak? Kambare wako mwenyewe unawahesabu kwa kuwapapasa."

"Nawapapasa, lakini sijawahi kukosea hata mmoja. Wewe umekosea mara sita."

Bu Endang akakata shauri. Jumapili kulikuwa na fainali kubwa ya wanaume ikirushwa hewani, na wachezaji wote wawili ni Waindonesia wenzetu. Tungeitazama pamoja kwenye ukumbi wa mtaa, mimi na Pak Darmo tukisema kwa sauti tunachokiona. Atakayeuona mchezo mbali zaidi atachukua orodha.

"Na mwingine?" niliuliza.

"Mwingine atadaka."

Kila Agosti wanaume wa mtaa wetu hucheza mpira wa miguu wakiwa wamevaa madira ya wake zao. Mlinda mlango huvaa la Bu Endang, la manjano, lenye maua makubwa. Wanafunzi wangu thelathini na mmoja wanaishi mtaa huu. Sihitaji kueleza zaidi.

Mchezaji wangu alikuwa Banyu Pamungkas, miaka ishirini na mmoja.

"Huyu yuko wavuni kama mtu anayetoa mwiba kidoleni," niliwaambia watu kabla ya mechi kuanza. "Hana haraka. Kati ya mechi kumi na saba zilizofika seti ya tatu, ameshinda kumi na nne. Ana miaka kumi mbele yake. Sasongko ana nini? Bega na goti. Bega zuri, goti la viraka."

Sasongko Halim alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mkono wa kushoto, kombora zito, goti lililopasuliwa mara mbili. Pak Darmo alimpenda kama mwanawe.

"Kiraka kikishonwa vizuri hudumu kuliko nguo," alijibu.

Watu wakacheka. Nikaandika: kicheko, hoja hakuna.

Teguh, fundi umeme, alitundika shuka jeupe ukutani, akaunganisha projekta na simu yake. Picha ilikuja kwa mtandao. Hilo likumbukeni.

Baada ya ile "nje" ya kwanza, Pak Darmo hakunyamaza.

"Kombora, mstari wa kulia." Ikawa.

"Banyu anagonga wavu." Akagonga.

"Hapa wanapokezana mpaka mtu ajute." Wakapokezana mapigo arobaini na manne.

Mimi nami nilikuwa nasema mambo ya kweli. Nilisema Banyu hupoteza pointi chache akianzisha kwa kinyoya kifupi. Nilitoa asilimia. Nani anataka asilimia, na pembeni ameketi mtume?

Watu wakaanza kuhamisha mikeka. Mwisho wa seti ya kwanza, aliyoichukua Banyu, upande wangu walibaki kumi na wawili. Katikati ya seti ya pili alibaki mke wangu peke yake.

Kisha naye akanyanyuka. "Nakwenda kuchukua chai."

Birika la chai lilikuwa upande wangu.

Bu Lastri, mke wa Pak Darmo, alikuwa amekaa mbele kabisa akimenya karanga. Alimwita mumewe. "Mzee, shika karanga." Kimya. "Mzee." Kimya. Mara ya tatu akamrushia ganda, likampiga puani, ndipo akageuka.

Hili lilinishangaza kidogo. Mwaka jana mtaa mzima tuliiandikia kliniki barua mpaka akapewa kifaa cha kusikia. Waya wake niliuona, umetoka sikioni ukaingia chini ya kofia yake nyeusi.

"Huyu Banyu anauonea huruma mguu wa kushoto," Bu Lastri alisema, macho kwenye shuka. "Na Sasongko ameshajua. Tazameni anavyompelekea vinyoya kona ile ile."

Hakuna aliyemsikiliza. Mimi sikuandika.

Seti ya pili ikaenda kwa Sasongko. Mimi nilikuwa natafuta chanzo. Kila tukio lina chanzo.

Pak Darmo alikuwa amekaa dirishani. Nikafuata uso wake ulikoelekea. Ng'ambo ya mtaro, Mtaa wa Nne, Bu Sumi alikuwa anakaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, kwenye kibanda chake, mbele ya televisheni kuukuu yenye antena juu ya mwanzi. Kwenye ubao wa kibanda kuna picha ya Banyu, ilibandikwa tangu mwaka juzi.

Ghafla Bu Sumi akainua juu kijiko chake kirefu cha kukaangia.

Nikatazama saa. Sekunde kumi na moja baadaye, Banyu alipata pointi kwenye shuka letu.

Antena hupokea mapema, mtandao huchelewa. Fizikia ya kidato cha pili. Mzee alikuwa anasoma mechi kwenye kijiko.

Nilipima mara tatu. Kijiko juu, pointi ya Banyu. Mara zote tatu.

Darasani, mwanafunzi akiniletea hitimisho la majaribio matatu, humrudishia karatasi.

Ningeweza kusimama na kumuumbua palepale. Sikusimama. Nilivuta mkeka wangu taratibu mpaka dirishani, nikaketi.

"Karibu, Mwalimu," Pak Darmo alisema. "Huku kuna upepo."

"Nimeuona."

Seti ya tatu, ishirini kwa kumi na tisa, Banyu anaongoza. Pointi moja tu awe bingwa. Ukumbi uliacha hata kutafuna.

Ng'ambo ya mtaro kijiko kilipaa. Si kama mara zile nyingine. Bu Sumi aliruka, akaacha karai jikoni, akatoka mbio kibandani kijiko kikiwa juu ya kichwa.

Nikasimama. "Banyu," nilisema. "Bingwa ni Banyu. Imekwisha."

Sauti mbili ziligongana, kwa sababu wakati huohuo Pak Darmo alisema, "Ishirini kwa ishirini."

Watu wakatutazama, mmoja baada ya mwingine. Mke wangu akarudi upande wangu na kikombe cha chai.

Sekunde kumi na moja ni ndefu ukiwa umesimama.

Kombora la Sasongko lilitua juu ya mstari, kona ya kushoto. Ishirini kwa ishirini.

Nikageukia dirishani. Ukingoni mwa mtaro paka wa rangi ya kahawia alikuwa anakimbia na kipande cha tempe mdomoni. Nyuma yake Bu Sumi akimfukuza kwa kijiko, nyuma ya Bu Sumi hakuna mshangiliaji hata mmoja.

Mke wangu akaondoka na chai yake.

"Ishirini na moja," alisema Pak Darmo. Ikawa. "Ishirini na mbili. Bingwa Sasongko." Ikawa, kona ileile ya kushoto.

Vijana wakambeba juu juu. Kofia ikaanguka, na ndani ya kofia kikaanguka kiredio chenye ukubwa wa kiberiti. Waya ukachomoka. Sauti ya mtangazaji ikajaa ukumbini.

"Sasongko amelala chini, wasikilizaji, amelala chali, analia kama mtoto..."

Kwenye shuka letu Sasongko alikuwa bado amesimama, anapeana mkono na Banyu.

Tukangoja. Sasongko akalala chali, akalia.

Vijana wakamshusha Pak Darmo polepole, kama mzigo uliopelekwa nyumba isiyo yake. Kifaa cha kusikia, mkewe alituambia, kilikuwa nyumbani ndani ya kikombe.

"Udanganyifu," nilisema.

"Na wewe, Pak Wibowo," Bu Endang akaniuliza, "ushindi wa Banyu uliuona wapi?"

Ningeweza kutaja asilimia. Lakini ukweli ni ukweli. "Kwenye kijiko cha Bu Sumi."

Walicheka mpaka Teguh akapiga teke waya wa projekta, picha ikazimika.

Bu Lastri alipangusa maganda ya karanga mapajani, akanyanyuka. "Mmoja alisikiliza redio. Mwingine alichungulia jiko la watu. Mechi alitazama nani?"

Pak Darmo aliokota kofia yake. Mimi nilikuwa nakumbuka ule mguu wa kushoto, na daftari lilikuwa wazi mkononi, ukurasa mweupe.

"Anayetaka kuujua mchezo, autazame," alisema.

Bu Endang akanyoosha mkono. Nikampa orodha. Akampa Bu Lastri.

Tarehe kumi na saba Agosti, saa kumi na dakika ishirini jioni, mpira wa miguu ulianza. Dira la manjano nililivaa mimi. Pak Darmo alilinda lango la pili, amevaa dira la mkewe, la zambarau. Mimi nilifungwa matano. Yeye alifungwa sita. La mwisho liliingia akiwa amegeuka, hakusikia filimbi.

Saa mbili usiku huohuo, mpira wa vinyoya, fainali: Mtaa wa Tano tatu, Mtaa wa Nne mbili.